Viroba viwili vya mawe

Konda alivigusa kwa mguu. "Dada, hivi elfu ishirini."

Nikamwambia ni mawe tu. Akauliza ni mawe gani hayo ya kutoka Mwanza kwa basi kama si dhahabu, na watu wote pale stendi wakageuka kutazama. Nikafungua: itale, jiwe lilelile ambalo kina mama wa Mwanza wanalipasua kokoto. Nikalipa elfu kumi na tano. Mpaka leo inaniuma, maana nauli nilishalipa, kiti hakilali, na magoti yangu yalibanwa na ndoo ya dagaa hadi Nzega.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kisukuma. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba mawe nayapeleka maabara Dodoma kupimwa umri. Alinyamaza mpaka tukapita Misungwi.

"Mwanangu, mti una miviringo. Jiwe lina nini?"

Nikamwambia lina zirkoni, vipunje vya madini vidogo kuliko mchanga, ndiyo maana tunabeba kilo nyingi. Zirkoni inapoganda kwenye uji wa moto wa mwamba ulioyeyuka hukubali urani, metali yenye mionzi, na kuikataa risasi, ile metali nzito. Kwa hiyo risasi tunayoikuta ndani imetokana na urani iliyogeuka taratibu: nusu ya urani ya aina ya 238 huchukua miaka bilioni 4.47 kugeuka.

"Na risasi ikivuja?"

Swali hilo ndilo wanafunzi wenzangu walilochelewa kuliuliza. Kuna urani ya pili, 235, ambayo nusu yake huchukua miaka milioni 704. Ni kama saa mbili za kupimia muda ndani ya punje moja. Zikipishana, tunajua kuna kilichovuja. Itale za Mwanza husoma miaka kama bilioni 2.6 hivi. Ukoko wa dunia, yaani gamba lake la juu, wa zamani zaidi uliyeyuka upya, ukatoa jiwe jepesi lililobaki juu, na bara likashikamana hapo. Bonde la Ufa lenyewe lilipofika halikuupasua mwamba huo. Liliuzunguka, mkono mmoja mashariki, mwingine magharibi.

Mzee alishuka Nzega, tukapeana namba.

Singida usiku nikakuta kiroba kimoja hakipo. Konda alikishusha kupata nafasi ya mchele wa watu, wala hakunitazama usoni. Siku nne za kugonga miamba juani! Nililala gesti ya elfu kumi na tano isiyo na chandarua. Alfajiri simu ikalia: "Mwanangu, mawe yako yapo stendi ya Nzega. Ila wahi, wanapikia."

Nikageuza njia, nauli nyingine tena. Mama ntilie alikuwa ameyafanya mafiga, sufuria ya maharage juu, namba zangu za wino zikisomeka kwenye moshi.

Nilikaa kumsubiri. Kwetu Tanga jiwe la matumbawe ukilichoma linakuwa chokaa. Babu alijenga nyumba kwa chokaa hiyo, na kuta zake ni mabaki ya viumbe wa baharini wa juzi tu. Lakini zirkoni ya mawe yangu haipotezi risasi yake hata kwenye nyuzi joto 900. Moto wa kuni haukuwa umenidhuru chochote.

"Mwanangu, maharage yakiiva nakupa," mama akasema, "lakini na mimi nitapikia nini?"

Nikala sahani ya elfu mbili, kisha nikaenda kando ya barabara kumtafutia mengine matatu. Nayo yalikuwa itale.