Siku moja kazini: kambi ya kuteleza kwenye mawimbi na watoto, Mile 72, pwani ya Namibia

Saa 12 asubuhi. Ukungu umetanda na hema linachuruzika maji, ingawa mvua huku ni nadra. Ni kazi ya mkondo wa Benguela, bahari ya baridi inayopoza hewa. Wageni bado wamelala. Napima maji: lita 5 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia, na dumu la akiba la lita 20 lisiloguswa.

Saa 1. Haendi mtu popote. Barabara ya C34 imeshindiliwa kwa chumvi. Ikilowa ukungu inateleza, na anayekanyaga breki ghafla hujikuta nje ya barabara.

Saa 2. Kwanza tunasimama ufukweni dakika 10, macho baharini. Pale mawimbi yasipovunjika, maji yakiwa na rangi ya mchanga, ndipo mkondo unapovuta kwenda nje. Tunapakwepa, na mishipi ya wavuvi pia. Baridi ya maji huwa nyuzi 12 hadi 16 hivi: mtu mzima suti ya mpira ya milimita 4 kwa 3 (unene wa kiwiliwili, kisha wa mikono na miguu), mtoto ya 5 kwa 4, na viatu na kofia. Suti ya kuazima ya kaka mtu haifai. Ikipwaya, maji mapya ya baridi huingia mgongoni kila wimbi linapompiga, na midomo hubadilika rangi upesi. Watoto wanabaki kwenye povu, maji ya kiunoni, nusu saa tu. Atoke, hata akinuna.

Wazazi huniuliza habari za Skeleton Bay, wimbi maarufu la pwani hii. Wimbi lile ni refu ajabu, lakini linavunjika kwenye maji mafupi na mkondo wake ni mkali. Si la familia.

Saa 5. Upepo wa kusini-magharibi umeamka, bahari imechafuka. Basi.

Saa 7 mchana. Barabara imekauka, twende Cape Cross kuona sili. (Uvundo wake mtausikia kabla ya kuwaona.) Kwenye mchanga laini nashusha upepo wa tairi hadi PSI 16, kisha najaza kabla ya kurudi barabarani, tairi legevu kwenye mwendo kasi hupata moto na kupasuka ubavuni. Natumia njia zilizoruhusiwa tu, maana kuna ndege wanaotaga juu ya changarawe tupu.

Saa 11 jioni. Vigingi vya kawaida hung'oka mchangani. Nafunga kamba kwenye mfuko uliojazwa mchanga, naufukia kina cha mkono hadi kiwiko.

Saa 2 usiku. Chakula, masufuria na viatu vyote viingie garini. Bweha huiba hata kiatu kimoja.