Maneno mawili yaliyoninyima muunganisho

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikinakili muundo wa majedwali ya kanzidata yangu na kuubandika kwa msaidizi wa akili mnemba ninayeandika naye programu, Claude Code, kwani nisipofanya hivyo hubuni majina ya safu ambazo hazipo. Jumamosi iliyopita niliamua kumtengenezea seva ndogo ya zana kwa itifaki ya MCP (Model Context Protocol, kanuni za kuunganisha akili mnemba na zana na data za nje), iliyotangazwa na Anthropic mwezi Novemba 2024, ili ayasome majedwali hayo mwenyewe.

Seva niliiandika kwa Python bila maktaba yoyote ya MCP (ubishi tu, sikuwa na sababu nyingine), nikaisajili kwa amri ya `claude mcp add` ikifuatiwa na jina lake na amri ya kuiwasha. Jibu likawa kwamba muunganisho umeshindikana, ilhali nikiiwasha mwenyewe kwenye terminali ilitulia kimya bila kulalamika.

Seva iliyo kwenye kompyuta ileile huwashwa na msaidizi mwenyewe, kisha wawili hao huzungumza kwa JSON-RPC 2.0, utaratibu wa kutumiana maombi na majibu katika muundo wa maandishi uitwao JSON: maombi huingilia stdin (mlango wa kuingizia wa programu), majibu hutokea kwenye stdout (mlango wa kutolea), kila ujumbe katika mstari wake. Hatimaye niliubandika kwa mkono ujumbe wa kwanza, ule wa `initialize` unaoanzisha mazungumzo, nikauona mstari huu:

`Seva tayari {"jsonrpc": "2.0", "id": 1, ...`

Yale maneno mawili ya mwanzo yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyaweka katika `print` yenye `end=" "` (huandika kwenye stdout bila kuvunja mstari), ili nijue kuwa seva imeamka, nayo yakajibandika kwenye jibu na kuliharibu lote, kwa kuwa mstari huo haukuwa tena JSON. Nikayahamishia stderr, mlango wa pili wa kutolea, mahali ambapo itifaki inairuhusu seva kuandika kumbukumbu zake, na muunganisho ukakubali papo hapo. Saa tatu zilikwisha kwa maneno mawili.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi, ila maelezo ya zana nayo yalinichelewesha: nilipoandika "husoma jedwali", msaidizi hakuigusa; nilipoeleza kwamba iitwe kabla ya kuandika swali lolote la SQL (lugha ya kuulizia kanzidata), akaanza kuiita. Akaunti ya kanzidata niliyoikabidhi seva nimeiachia ruhusa ya SELECT (kusoma data) peke yake, kwa sababu msaidizi anayeweza kubuni jina la safu sioni atashindwaje kubuni DELETE, amri ya kufuta. Jana nilimwomba orodha ya ankara ambazo hazijalipwa. Akalisoma jedwali kwanza, akaandika `tarehe_malipo`, jina halisi la safu, badala ya lile `paid_at` lake la kubuni la kila siku.