Barua kwa Shangazi, Kutoka Philadelphia

Tikiti niliyoilipia ilisema basi litaondoka Boston saa mbili asubuhi. Liliondoka saa sita kasoro robo, na hakuna mtu aliyetuomba radhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala kwenye chumba cha dola 140, zaidi ya laki tatu za kwetu, chai haimo, na blanketi lenyewe jepesi kama kanga. Kwa hiyo nilipanda basi nikiwa na hasira, na hasira hiyo sikuitua mpaka Philadelphia.

Nilikwenda Boston kwa harusi ya mdogo wangu. Harusi ilikwisha salama, zikabaki siku nne kabla ya ndege, nikaamua kuifuata njia ya zamani ya posta kuelekea kusini. Watu wa huko huiita hivyo hata leo, Njia ya Posta, ingawa sehemu kubwa sasa ni maduka na taa za barabarani.

Kabla ya basi nilikwenda mtaa wa Roxbury kulitafuta jiwe. Ilikuwa Machi na upepo ulikuwa unakata masikio. Nilizunguka karibu saa nzima, nikaulizia watu watatu wasiolijua, kisha nikaliona pembeni ya uwanja mdogo, jiwe la kijivu lisilofika kifuani. Paul Dudley, mwanasheria wa Massachusetts enzi lilipokuwa koloni la Waingereza, alilisimamisha mwaka 1744. Upande mmoja limechongwa majina ya Cambridge na Watertown, upande wa pili Dedham na Rhode Island. Ni jiwe la njiapanda. Aliyebeba mifuko ya barua alifika hapo, akageuza farasi upande wake, akaendelea.

Nililishika kwa mkono mtupu, baridi ikapanda mpaka kwenye kiwiko, nikamkumbuka tarishi wa kwanza. Gavana wa New York, Francis Lovelace, alimtuma kwa farasi tarehe 22 Januari 1673, katikati ya majira ya baridi, apeleke barua hadi Boston. Barabara ya kueleweka haikuwepo. Aliagizwa atie alama kwenye miti ili wasafiri wengine waifuate njia yake. Mpango ulikuwa aende na kurudi kila mwezi, lakini mwaka huohuo Waholanzi waliuteka tena mji wa New York, na safari zikakoma. Jina lake sijaliona popote. La gavana limeandikwa kila mahali.

New York nililala usiku mmoja. Sahani ya wali na kuku dola 22.

Philadelphia ndiko nilikokuwa nakwenda hasa. Katika mtaa wa Market, namba 316, ipo posta ndogo inayofanya kazi kama posta nyingine yoyote, ila haipeperushi bendera ya Marekani, kwa sababu mwaka 1775, posta ya Marekani ilipoanza, bendera hiyo haikuwepo. Nyuma yake ni kiwanja alichoishi Benjamin Franklin, mkuu wa kwanza wa posta hiyo. Nyumba ilibomolewa mwaka 1812, na leo wamesimamisha fremu ya chuma tu, umbo la nyumba isiyo na kuta. Nilikaa kwenye benchi pale nikamaliza kuandika barua yangu.

Ndani kulikuwa na foleni fupi. Kwenye dirisha alikaa mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba. Aliisoma anwani polepole kwa kidole: jina la shangazi yangu, kupitia Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, S.L.P., Lushoto, Tanzania.

"Shangazi yako ni mwalimu?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, ni mkulima. Sanduku ni la shule.

Akaivua miwani. Nikamweleza jinsi ilivyokuwa kwetu milimani. Kijiji kizima kilitumia sanduku moja. Mwalimu mkuu akishuka mjini alirudi na barua, na asubuhi tukiwa mstarini anasoma majina na kuuliza nani anatoka upande ule. Anayenyoosha mkono ndiye tarishi. Mimi nilinyoosha sana.

Mama yule hakucheka wala kushangaa. Alisema, "Basi ninyi mlikuwa na Fairbanks wenu."

Jina nililijua. Mwaka 1639 baraza la Massachusetts lilitangaza kwamba barua zinazotoka ng'ambo ziachwe kwenye nyumba ya Richard Fairbanks, kilabu cha pombe mjini Boston, naye apewe peni moja kwa kila barua. Hakuna aliyelazimishwa kuzipeleka pale. Nimesoma mengi kuhusu waliokuja baadaye. Thomas Neale alipewa na mfalme wa Uingereza haki ya posta nzima ya makoloni kwa miaka 21, kuanzia 1692, na hakuwahi kukanyaga Amerika; kazi yote aliifanya naibu wake, Andrew Hamilton. Hilo bado linanikera. Franklin nampa heshima yake, kwani tangu 1753 yeye na William Hunter walizipanga upya njia, wakawaendesha matarishi hata usiku kati ya Philadelphia na New York. Mwaka 1763 alizunguka mwenyewe kukagua, akaanguka na bega likateguka. Waingereza walimfukuza 1774, na tarehe 26 Julai 1775 Bunge la makoloni likampa posta yake upya. Lakini moyo wangu uko kwa mwenye kilabu, aliyezitunza barua za watu kati ya vikombe, kwa sababu ndiyo posta ninayoijua.

Zamani zile aliyelipa alikuwa mpokeaji, kwa kuhesabu karatasi na umbali, na kwa kawaida barua haikuwa na bahasha, ilikunjwa ikapigwa lakiri. Asiye na pesa aliiacha barua yake palepale. Magazeti yalichapisha majina ya wenye barua zisizochukuliwa. Nafikiria mtu anasoma jina lake gazetini na mfukoni hana kitu.

Shangazi hakuwa wa kulipa, ila alimtegemea mtoto. Mwaka mmoja wa mvua kubwa nilipewa barua ya mume wake, aliyekuwa kwenye mashamba ya mkonge Korogwe. Niliitia ndani ya shati nikavuka mto. Nilipofika wino ulikuwa umetapakaa. Tuliianika juu ya mafiga, kisha nikamsomea kilichobaki, kwa kuwa yeye hakwenda shule. Palibaki salamu, na neno "nitarudi", na siku ya kurudi haikusomeka. Hakunigombeza. Aliikunja akaiweka kwenye sanduku la nguo.

Mama wa dirishani aliichukua barua yangu, akaipiga muhuri kwa mkono, taratibu, "B. Free Franklin", kama Franklin alivyokuwa akisaini barua zake mwenyewe. Nililipa chini ya dola mbili. Ndiyo bei pekee ya safari ile ambayo sikuilalamikia.

Nilikuwa nimekwisharudi Dar wiki tatu shangazi aliponipigia simu. Barua ameletewa na mtoto wa jirani, na huyohuyo amemsomea mara mbili.

"Imefika kavu, mwanangu," alisema.