Siku moja maishani mwangu: kuzibua pua bila kumlaza mgonjwa wodini

Saa 2 asubuhi. Mimi ni daktari wa pua. Mashine ya mawimbi ya redio, inayonyweza uvimbe ndani ya pua kwa joto, inawashwa, ya kufyonza damu inajaribiwa, na kiti kinakaguliwa kama kinalala bapa mara moja.

Saa 2:30. Wengi huja wakisema wana "nyama za pua". Endoskopi, kamera nyembamba ya kuchungulia puani, huonyesha konka za chini (vinundu vya mfupa na nyama kwenye kuta za pembeni za pua) zilizovimba tu. Napulizia oksimetazolini, dawa ya kunyweza uvimbe wa pua, nasubiri dakika 10. Zikinywea na hewa ikapita, mawimbi ya redio yatamfaa mgonjwa. Zisiponywea, tatizo ni mfupa au ukuta wa kati wa pua uliopinda, na kumchoma ni kumtesa bure.

Saa 3. Napima shinikizo la damu, namuuliza kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Pamba zenye oksimetazolini na lidokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 4 zinakaa puani dakika 15. Tafadhali, zitimie! Ganzi ya haraka ndiyo inayofanya mtu aruke kitini. Kisha sindano: lidokeini ya asilimia 1 yenye adrenalini, inayobana mishipa ya damu, mililita 1 hadi 2 kila upande, na kabla ya kusukuma dawa navuta kwanza nione kama kuna damu. Namwambia mapema kwamba adrenalini inaweza kufanya moyo uende mbio dakika chache. Asiyeambiwa huingiwa na woga, na woga huangusha watu: uso unapauka, jasho la baridi, mapigo yanashuka. Hapo kiti kinalazwa, miguu inainuliwa, kazi inasimama.

Saa 3:30. Ncha ya mashine inaingia upande wa mbele wa konka na kupita chini ya utando unaoifunika, kuelekea nyuma. Jicho halibanduki kwenye utando: ukigeuka mweupe ghafla pale ilipo ncha, iko karibu mno na uso wa utando, na kidonda kitajaa magaga (magamba makavu) kwa wiki kadhaa. Ikigusa mfupa, mgonjwa anaumia. Nachoma sehemu mbili au tatu, naacha. Konka zikiisha kabisa, pua inakuwa wazi na kavu, lakini mwenyewe anahisi hapati hewa, na hilo ni gumu mno kurekebisha.

Saa 10 jioni. Simu ya mgonjwa niliyemtibu juzi. "Daktari, mbona imeziba kuliko mwanzo?" Ni siku ya 3 tangu achomwe, uvimbe huo ni wa kawaida kwa wiki ya kwanza, nafuu huonekana kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6. Aoshe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, asipenge kwa nguvu, apige chafya mdomo wazi. Damu ikitoka, aketi akiinamia mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 15 bila kuachia. Isipokata, aje usiku huohuo.