Fanfari ya mtaa na mwaliko wa jukwaa kubwa

Fanfari yetu, bendi ya tarumbeta na ngoma ya mtaa wa Katuba, imealikwa kupiga katika tamasha litakalofanyika katikati ya mji wa Lubumbashi, na tangu barua ilipofika tumekuwa tukijadiliana kama twende au tubaki. Barua yenyewe ni ya heshima: tunapewa dakika ishirini jukwaani Jumamosi alasiri, gari la kubebea vyombo, chakula, na fulana zenye jina la kampuni inayodhamini shughuli hiyo, malipo hayatajwi. Kwa bendi iliyozoea kusikika kutoka lupango, yaani ua wa nyumba, moja hadi jingine, kuitwa na watu wa mjini si jambo dogo, nami nilifurahi sana kuwaona vijana wetu wakishangilia mwaliko uliposomwa.

Lakini Jumamosi hiyohiyo tulikwisha kuiahidi familia moja ya hapa Katuba kwamba tutaipigia siku ya kuanua matanga ya baba yao. Marehemu hakuwa mpiga vyombo, ila alikuwa mtu wa kutufungulia lango lake kila tulipokosa pahali pa kufanyia mazoezi, na wanawe hawakutuomba risiti wala mkataba. Walituambia tarehe, tukakubali.

Msomaji asiyeishi huku anaweza kudhani kwamba kupiga kwenye msiba ni kazi ya pembeni ambayo bendi huifanya ikisubiri nafasi bora. Sivyo. Vyama vya beni, yaani vya ngoma za bendi, vilivyozuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, vilienea Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, vikafika hadi Katanga, kusini mwa Kongo, katika mji huu ambao siku hizo ukiitwa Élisabethville. Vilikuwa na vyeo, sare na gwaride, na watu walivipenda kwa sababu hiyo. Lakini pia vilichanga fedha za kumuuguza mwanachama na kumzika yule aliyefia mbali na kwao. Wengi waliokuja kutafuta kazi kwenye shaba hawakuwa na ukoo karibu, na bendi ikawa ndiyo inayosimama pale ambapo ndugu wangesimama. Sisi ni warithi wa desturi hiyo, hata kama hakuna aliyetukabidhi kwa maandishi. Likelemba yetu, mchango wa zamu kati ya wanachama, ndiyo iliyonunua mashati meupe tunayovaa msibani, na ndiyo inayonunua matete ya saksofoni.

Tulikutana kwenye lupango la mama anayetutunzia vyombo. Kulikuwa na unyevu, kwa hiyo kijana wa ngoma kubwa alikuwa akiipasha ngozi joto kwenye mbabula, yaani jiko la mkaa, akiigeuza polepole na kuigonga kwa kidole mpaka sauti ikaze, huku wengine wakizungumza. Ndiye aliyesema kwanza. «Papa mwenyekiti,» alisema, «sisi tunapiga huku tangu utoto wetu na hakuna wa mjini anayejua kama tupo. Tukikataa, hawatatuita tena.» Mwenyekiti hakumkatiza, na nadhani alifanya vema, maana neno lile lilikuwa la kweli. Kisha mzee wa tuba akasema yake: «Mwanangu, jukwaa litakuwepo mwaka ujao. Matanga ya mtu huanuliwa mara moja.»

Mimi napiga tromboni, na niliongeza jambo ambalo naona halizingatiwi vya kutosha. Fanfari imeumbwa kwa ajili ya barabara. Tunapotembea, kila mmoja anamsikia mwenzake kwa masikio yake mwenyewe, tarumbeta zinapunguza pumzi saksofoni zinapoingia, na kuta za nyumba zinaturudishia sauti ya ngoma, hivyo tunajua kama tumeharakisha. Jukwaani tunapangwa mstari mmoja mbele ya vipaza sauti, fundi mitambo ambaye hatujawahi kufanya naye kazi anaamua nani asikike, na mara nyingi ngoma kubwa inawameza wote. Zaidi ya hayo, watu wanabaki mbali. Huku Katuba mama mmoja akijisikia kucheza, anaingia katikati ya safu yetu na kucheza. Watoto wanabeba matoazi. Tukitengwa na watu hao, tunachobakiwa nacho ni nusu ya muziki wetu.

Suala la malipo lilituchukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Huko Somerville, jirani na Boston nchini Marekani, kuna tamasha la bendi za mitaani liitwalo HONK!, lililoanza mwaka 2006, ambalo bendi hupiga bila ada, barabarani na kwenye viwanja vya wazi, na wenyeji huwapa wageni malazi na chakula. Kupiga bure basi si unyonge, mradi anayepigiwa na anayepiga wawe wamekubaliana wanachofanya pamoja. Kuhusu fulana tulikuwa wakali zaidi: shati letu la mfiwa haliwezi kubadilishwa saa nane mchana liwe tangazo la biashara, hata kampuni iwe njema namna gani.

Hatukupiga kura, maana kura ingewaacha baadhi yetu wakipiga kwa kinyongo, na kinyongo husikika kwenye tarumbeta. Tuliendelea kuzungumza hadi jambo likakaa sawa. Asubuhi tutakuwa kwa familia ya marehemu hadi watakapoturuhusu kuondoka, bila mtu kutazama saa. Waandaaji wakikubali kutusogeza hadi jioni, tutakwenda tamashani kwa mashati yetu meupe, na badala ya kupanda jukwaani tutaingia kwa miguu tukipiga kutoka mtaa wa Kamalondo. Njia hiyo tumeichagua kwa makusudi. Wakati wa ukoloni, kati ya Kamalondo na mji wa Wazungu paliachwa eneo tupu la kuwatenga watu weusi, na mimi ninataka sana vijana wetu walivuke pale wakiwa wanapiga, na watu wa Kamalondo wakiwa nyuma yao.

Barua yenye masharti hayo imeandikwa kwa Kifaransa, mwenyekiti ametia sahihi, na mama mtunza vyombo ameipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Tumeomba jibu kabla ya Alhamisi, kwa sababu njia hiyo inahitaji ruhusa ya komini, yaani serikali ya mtaa, na mazoezi ya kutembea, hasa kwa mzee wa tuba, ambaye amekataa katakata kupanda gari. Likikosekana jibu, Jumamosi yote tutakuwa Katuba, na kijana wa ngoma kubwa amekubali hivyo mbele yetu sote.