Nilivyoileta sinema jukwaani nisiwapoteze waigizaji

Skrini yangu ya kwanza ilikuwa kubwa mno. Niliitundika nyuma ya waigizaji, pana karibu sawa na jukwaa, na kamera ikawafuata na kurusha nyuso zao papo hapo. Kwenye mazoezi ya tatu nilikaa viti vya nyuma, nikashtuka: dakika nzima nzima zilipita sijamtazama mwigizaji hata mmoja. Macho yote hukimbilia ule uso mkubwa unaong'aa. Iliniuma, maana watu huja ukumbini kwa ajili ya yule anayepumua mbele yao. Tena picha ilichelewa, mdomo ukifunguka sauti imeshatoka. (Hilo lilikuwa jepesi: tuliacha kurusha picha hewani, tukavuta waya.)

Filamu jukwaani si jambo la jana. Erwin Piscator, mwongozaji wa tamthilia Mjerumani, aliitumia Berlin tangu miaka ya 1920. Walionifungua macho, hata hivyo, ni kundi la maigizo la The Wooster Group la New York. Katika Hamlet yao, tamthilia ya Shakespeare, walionyesha nyuma filamu ya onyesho la tamthilia hiyohiyo la 1964 huko Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, aliloigiza Richard Burton, huku wao wakiiga kila mkao. Kamera ikibadilisha pembe, nao wanasogeza samani na miili yao kuifuata. Kumbe mwili nao unaweza kukata picha, yaani kuruka kutoka pembe moja hadi nyingine kama filamu!

Nikaishusha skrini. Katika onyesho letu tulikuwa na mama anayesoma barua, na mwanawe amesimama mlangoni. Katika filamu ungeruka kutoka uso wa mama hadi wa mwana. Sisi tulizungusha meza, kiti na mama mwenyewe kwa hatua nne, mgongo wake ukatugeukia na uso wa mwana ukajitokeza. Mwanzoni nilizima taa ili kuficha mzunguko huo, na waigizaji wakawa wanajikwaa gizani. Nilipoacha taa ziwake, onyesho likapata uhai: mtazamaji aliuona mkato ukitengenezwa.

Kamera niliibakiza kwa jambo moja tu, mikono ya mama ikikunja barua. Skrini ikawa ndogo kama dirisha, pembeni, na mshika kamera akawa mwana mwenyewe, waya ukiburuzika nyuma yake. Mikunjo mitatu, kidole gumba kikitetemeka kwenye ule wa mwisho.

Usiku wa kwanza nilirudi viti vya nyuma nikaangalia vichwa vya watu. Viligeukia mkono ule, vikakaa kidogo, kisha kimoja kimoja vikarudi kwa mama.