Mnawapenda wakiwa mifupa

Nimegeuka huku na huku kitandani hadi nimechoka, afadhali niandike. Yule mama anayemlea farasi wetu Pazia bado anaongea kichwani mwangu.

"Mwanangu, nyinyi mnawapenda wakiwa mifupa."

Ndiyo hiyo. Hakupandisha sauti. Alikuwa anamkuna Pazia chini ya singa, pale anapopapenda, na Pazia alikuwa amenyoosha mdomo wa juu kwa raha hadi akaonekana mjinga. Mimi nimesimama na tepu ya uzito mkononi. Nikajibu, "Si hivyo, Mama." Basi. Mtu anayemwaga maneno hapa kila wiki, siku yalipohitajika akatoa matatu.

Nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa Jumamosi, ukaguzi wa kawaida wa kikundi chetu cha kuokoa farasi, mimi na Mzee wa Kwato, mjuzi wetu wa kwato. Mnajua utaratibu: farasi tukimpatia mlezi hatumwuzi wala hatumgawi, kwenye karatasi anabaki wa kikundi mpaka afe, mlezi haruhusiwi kumwuza wala kumzalisha, na akishindwa kumtunza anamrudisha kwetu, haulizwi maswali ya kumdhalilisha. Sisi nasi tunapita kuangalia. Mama alisaini yote hayo kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwanasheria wetu.

Tulipofika, Pazia alikuja mwenyewe hadi kwenye uzio, jambo ambalo ungenitabiria wakati ule ningekucheka. Manyoya yanang'aa. Kwato zimechongwa sawasawa; fundi anatakiwa kila baada ya wiki sita hadi nane na yule mama hajawahi kuruka zamu. Banda safi. Nikaanza kumpapasa. Kipimo chetu cha unene ni kile cha Henneke cha mwaka 1983, kinachoanzia 1 (mifupa mitupu) hadi 9 (mnene kupita kiasi), na unapitisha mkono sehemu sita: shingo, kinundu cha mabegani, nyuma ya bega, mbavu, kiuno na shina la mkia. Mkono, si macho, kwa sababu manyoya mazito huficha mengi. Tano ndiyo katikati. Siku tuliyomchukua Pazia alikuwa 1. Safari hii nilitafuta mbavu nikazikosa hadi nilipokandamiza, na juu ya shingo palikuwa na tuta gumu lisilotikisika. Nikaandika 7. Kalamu ilitaka kuandika 8, nikaizuia.

Nikamweleza mama, kwa upole (nasisitiza upole, Mzee wa Kwato ni shahidi), kwamba nafaka aiache kabisa, nyasi kavu azipime kwa mizani badala ya kukisia kwa kumbatio, na mchana wa jua kali asimwache malishoni muda mrefu, kwa kuwa sukari ndani ya majani hupanda kadiri jua linavyowaka. Alfajiri ni salama zaidi. Nikamtajia laminitisi, ugonjwa wa kwato: zile tishu zinazoshikanisha ukuta wa ukwato na mfupa wa ndani zinavimba, zinaachia, na mfupa unaweza kuzunguka au kuzama ukiwa mle mle ndani ya ukwato. Farasi mnene yuko karibu zaidi na balaa hilo. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Ndipo akasema ile sentensi, na kipande chake cha pili ambacho hapo juu sikukiandika:

"Akishiba, mnamwona ana kasoro."

Tangu hapo natunga majibu. Lipo jibu la kitaalamu, nililitunga tukiwa bado njiani, refu, lina takwimu na lina kiburi. Lipo jibu la hasira, la saa nane za usiku, linaloanza na "Mama, wewe ulikuwa wapi wakati..." na hilo nashukuru lilichelewa. Halafu kuna hili la leo, ambalo naliona zuri, na kwa sababu naliona zuri ndiyo sababu silali.

Zile siku za mwanzo mama hakuziona. Waliosoma wakati ule watakumbuka banda ambalo samadi ilikuwa imepanda hadi karibu na dirisha, na farasi jike ameegemea ukuta, singa zimemfunika uso wote, tukamwita Pazia. Kila aliyefika alitaka kumjazia ndoo. Unaona mnyama ana njaa, unampa chakula, nani atakulaumu? Daktari akasimama mlangoni akasema atakayempa nafaka usiku ule ajue amemchinja. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huwa umeshamaliza mafuta yake na umeanza kula misuli. Ukiuletea wanga mwingi kwa mkupuo, insulini inapanda, na ikipanda inavuta fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza kwenye seli. Damu inapungukiwa, moyo na misuli ya kupumulia vinashindwa, na farasi anaanguka siku chache baada ya kuanza kula, wakati nyinyi mmeshaanza kupongezana. Kwa hiyo tukampa lusini peke yake, yale majani ya malisho ya jamii ya kunde, kidogo kidogo, kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Kule Davis, kwenye Chuo Kikuu cha California, waliwahi kulinganisha vyakula kwa farasi waliodhoofu hivi, na lusini ndiyo iliyofaa zaidi: wanga wake ni mdogo, na ina protini, fosforasi na magnesiamu ya kutosha.

Mnaposoma mnaona ni kulisha. Haikuwa kulisha. Alimaliza kile kidogo kwa pumzi chache, akaramba sakafu, akanitazama kupitia zile singa, nami nikageuka nikaondoka na lusini nyingine imelala stoo, marobota kwa marobota. Kazi yote ya siku zile ilikuwa kumnyima. Naandika hivi huku naisikia ile sauti ya ulimi kwenye saruji.

Hilo ndilo jibu langu zuri. Mama, alipokuwa mifupa ndipo nilipomnyima zaidi. Ninachokuomba leo ni kile kile nilichokifanya mwenyewe nikiwa nimeshika tochi.

Safi kabisa. Ningelisema palepale, Mzee wa Kwato angetikisa kichwa kwa heshima. Lakini nikilirudia linaanza kulegea, kwa kuwa mama hakusema *mnawalisha* wakiwa mifupa, alisema kitu kuhusu moyo, na kwenye habari ya moyo sina ushahidi wa kutosha. Tazameni mabango yetu ya kuchangisha. Mbavu, nyonga, macho yaliyozama. Bango la Pazia akiwa mifupa lilijaza stoo. Tulipotoa la Pazia akiwa mzima watu walisema "mashallah amependeza" na mkebe ukabaki mwepesi. Silaumu wachangiaji. Nasema tu kwamba kikundi chetu kinaishi kwa picha za mifupa, mama anajua, na alisaini ile fomu akiwa chini ya bango hilo hilo.

Halafu Jumatano. Tulikuwa kazini kwenye kikao cha kutangaziwa kwamba ofisi inahamishwa na nusu yetu hatujui kama tutahama nayo, simu ikatetema mfukoni: yule dada wa ratiba wa kikundi, kuna farasi wawili, mwenyewe ameridhia kuwatoa, njooni na gari. Moyo ukaruka kwa furaha. Sipambi. Uliruka kabla sijajua wana hali gani, na palepale, katikati ya habari za ofisi, nikamsikia mama: mnawapenda wakiwa mifupa.

Sasa sikilizeni kilichotukuta huko.

Mmoja alikuwa mzee wa rangi ya shaba, 2 kwa kipimo, kiuno kimetumbukia. Mwingine alikuwa mnene. Si mnene wa Pazia. Huyu alikuwa na mtaro katikati ya mgongo, wa kukingia mvua. Wamekaa uwanja mmoja, majani hadi magotini, hakuna aliyewagusa kwa muda ambao mwenyewe hakutaka kuutaja. Wenzangu wote wakamkimbilia yule mwembamba. Kamba, blanketi, simu za kupigia picha. Kijana mmoja mgeni kwenye kikundi akamtazama mnene akauliza, "Huyu naye kaletwa kwa nini? Mbona ana afya?" Basi jina likamganda: Bwana Afya.

Mzee wa Kwato hakumkimbilia mwembamba. Alimsogelea Bwana Afya, akainama, akaniita. Kwato za mbele zilikuwa zimepinda kwenda juu kama ncha za viatu vya sultani. Farasi amesimama amejisukuma nyuma, uzito wote kwenye visigino, namna ya mtu asiyetaka vidole viguse chini. Niliweka vidole nyuma ya kifundo juu ya ukwato, mahali ambapo kwa farasi mzima mapigo unayatafuta hadi unayakata tamaa. Yalikuwa yanagonga. Ukwato wenyewe wa moto.

"Mgonjwa ni huyu," akasema Mzee. "Yule pale ana meno tu."

Na kweli. Daktari alipomfungua kinywa mwembamba ilionekana magego yamechongoka pembeni hadi yamekata mashavu. Meno ya farasi huendelea kuchomoza karibu maisha yake yote na yanasagika yakitafuna. Yasipokaguliwa walau mara moja kwa mwaka, yakasagika upande, kula kunageuka adhabu. Alikuwa anatafuna, anatema mabonge, anatafuna tena, huku amesimama kwenye majani ya kuwashibisha kumi. Mwenzake hakuwa na shida ya meno, akala ya wote wawili. Uwanja ule ule, mtu yule yule aliyewasahau, mmoja akawa fito na mwingine pipa.

Nilibaki na Bwana Afya mpaka usiku. Kwato haziwezi kukatwa zote kwa siku moja, inabidi kwanza eksirei ionyeshe mfupa umekaa wapi, kisha zipunguzwe kwa awamu. Kwa sasa ni matandiko mazito ya kusimamia, dawa ya maumivu, na nyasi kavu zilizolowekwa ili sukari itoke. Wala huwezi kumfunga mdomo ghafla ati ni mnene: ukimkatia chakula mafuta yanafurika kwenye damu na ini linashindwa. Kwa hiyo mizani. Kidogo kidogo. Mara kwa mara. Mnaona? Nilijikuta nacheka peke yangu bandani. Ratiba niliyoiandika ukutani ya mnene na ile ya mwembamba, ukiondoa aina ya majani, zilikuwa karibu sawa.

Nikiwa mkweli, Bwana Afya si mtu wa kupendwa kwa urahisi. Alinikanyaga. Alikojolea ndoo yangu. Hakuna aliyempiga picha mpaka sasa na sidhani kama bango lake litajaza hata kiganja. Lakini asubuhi aliposogea hatua moja kufuata nyasi, moja tu, akilalamika, nilimpigia simu Mzee wa Kwato alfajiri ile kumwambia, akaniuliza kama nina akili timamu.

Alhamisi nilimtumia mama jedwali la chakula la Pazia kama kanuni zinavyotaka. Sikuandika chochote kuhusu mifupa. Niliandika, "Shikamoo Mama, hili hapa jedwali, ukikwama niambie." Nikasubiri. Dada yenu mdogo kajifungua mtoto wa kiume siku hiyo hiyo, wote wazima, alhamdulillahi, na mimi hospitalini niko na simu mkononi namsubiri mtu mwingine.

Jibu lilikuja jioni. Picha. Makalio ya Pazia, yamejaza kioo chote, mkia umesogezwa pembeni kwa ustadi. Chini yake: "Marahaba. Pima na hapa."

Nilicheka mpaka nesi akanitoa nje. Sijui kama ni amani au ni vita. Nimeitazama ile picha kutafuta dalili, na dalili pekee niliyoiona ni ya kitaalamu: shina la mkia limezama kwenye mafuta, ningempa 8 bila kusita. Baadaye kidogo akauliza nyasi ziloweshwe muda gani, nikamwambia hata nusu saa hadi saa moja inasaidia, na maji yake ayamwage, Pazia asiyanywe. Akajibu "Sawa mwanangu." Yule yule mwanangu wa Jumamosi, kwa hiyo sijapata chochote hapo.

Jibu langu zuri bado ninalo. Ukaguzi ujao nitaambatana na Mzee tena, na namjua mama, hatalianzisha. Nikilianzisha mimi itaonekana nimekaa nalo muda wote huo, na atakuwa sahihi.

Haya. Baba ana miadi ya macho Jumatatu, lile jicho la kushoto. Kaka anasema atampeleka yeye, nisihangaike. Alisema hivyo hivyo miadi iliyopita, na Baba akakaa barazani amevaa koti tangu asubuhi. Nikimpigia kumkumbusha atasema simwamini. Nisipompigia, sijui. Na ile barua ya hospitali, yenye namba, sikumbuki kama ipo kwake au kwangu.